Karatasi ya miaka mitatu: kisa cha televisheni ya Mwalimu

Mimi ni fundi wa vifaa vya umeme hapa Tanga, na vijana wanaojifunza kwangu huwapa visa kuliko mihadhara. Hiki ni kimojawapo, cha kununua televisheni na kuamua kama ilifaa kulipia waranti ya nyongeza. Wahusika wameridhia kisimuliwe. Majina nimeyaondoa, mtaa nimeuficha ndani ya Ngamiani yote, chapa ya televisheni siitaji, na bei nimezisogeza kidogo bila kuharibu uwiano wake. Mimi mwenyewe nimo: nilitoa ushauri uliosaidia, na nilifanya kosa ambalo nitalieleza mahali pake.

Usuli

Mwalimu ni mama mstaafu wa shule ya msingi. Anaishi na mpwa wake, kijana wa chuo, na wajukuu wawili humjia kila likizo. Mwanawe wa kwanza anafanya kazi Dar es Salaam. Ndiye mtuma pesa, na kama walivyo watuma pesa wengi, ndiye mwenye maoni mengi kuliko wote.

Televisheni yake ya zamani, ya inchi 32, ilikufa usiku mmoja umeme uliporudi. Ulikatika magharibi, ukarudi baada ya isha. Taa ya sebuleni iliwaka kwa weupe wa kutisha, ikapasuka, na televisheni ikatoa harufu ya kuungua. Nilipoifungua, pawa saplai, sehemu inayoipa umeme, ilikuwa nyeusi na bodi kuu imeifuata. Nikamwambia Mwalimu kwamba kuitengeneza kungekula zaidi ya nusu ya bei ya nyingine, bora aiache.

Msomaji alishike hili tangu hapa: televisheni ya kwanza iliuawa na umeme, na kila mtu nyumbani alijua. Hata hivyo mazungumzo ya wiki mbili zilizofuata yalikuwa ya inchi, chapa na miaka ya waranti. Neno umeme halikutajwa mpaka siku ya mwisho.

Fungu lilikuwa laki tisa. Sita zilitoka Dar, tatu zilikuwa mgao wa Mwalimu kwenye kikoba.

Maduka matatu

Kwa asiyeijua Tanga, barabara za Ngamiani zina namba, na mtu hujitambulisha kwa barabara yake kama mwenzake wa Dar anavyojitambulisha kwa Kariakoo au Temeke. Mwalimu na mpwa wake walizipita kadhaa kwa asubuhi mbili, wakabaki na maduka matatu.

Duka la kwanza lilikuwa na inchi 43 ya chapa inayojulikana. Bei ya kuanzia ilikuwa 820,000, ikashuka hadi 780,000. Waranti ya mtengenezaji mwaka mmoja, kituo cha matengenezo kipo Dar, risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, inatoka bila kuulizia.

Duka la pili lilikuwa na inchi 50 ya chapa ambayo hata mimi sikuwa nimeiona, kwa 690,000. Waranti ilikuwa neno la mwenye duka: miezi sita, na "ikizingua mama yangu niletee hapahapa, nakubadilishia." Alikuwa mtu mkunjufu na nadhani alimaanisha alichosema. Tatizo ni kwamba hakuandika popote.

Duka la tatu lilikuwa na ileile ya duka la kwanza, chapa moja na umbo moja, kwa 685,000. Imevuka bahari, imekuja bila kadi ya waranti yenye mhuri wa msambazaji wa hapa, na risiti "ukiitaka mama, bei ni nyingine." Ukiuza toa risiti, ukinunua dai risiti: tangazo hilo la TRA, mamlaka ya mapato, tunalisikia kila siku, lakini likipambana na tofauti ya elfu tisini na tano hushindwa mara nyingi. Na hapa hapakuwa na kodi tu. Waranti za watengenezaji wengi zimefungwa kwa nchi na kwa msambazaji rasmi wa nchi hiyo. Televisheni mbili zinaweza kufanana kama mapacha, moja ina mlezi na nyingine ni yatima.

Mwalimu aliliacha duka la tatu haraka kuliko nilivyotarajia. "Kitu cha kujifichaficha," alisema, "nitakidai vipi mchana?" La pili lilimchukua siku nzima kuliacha, kwa sababu ya zile inchi saba.

Karatasi yenyewe

Walipokubaliana bei kwenye duka la kwanza, muuzaji alitoa karatasi nyingine. Kwa 95,000 zaidi, waranti ingekuwa ya miaka mitatu. Mtoto wa Dar, aliyekuwa akisikiliza kwenye simu, akasema ichukuliwe palepale. Mpwa, Mungu ambariki, akapiga picha pande zote mbili za ile karatasi na kunitumia.

Sitaifupisha sana, maana kisa chote kimo humo.

Upande wa mbele ulikuwa na nyota, picha ya familia inayocheka na maneno makubwa MIAKA 3. Upande wa nyuma uliandikwa kwa herufi za sisimizi. Miaka mitatu ilihesabiwa tangu siku ya kununua, kwa hiyo mwaka wa kwanza ulikuwa uleule wa mtengenezaji ambao tayari ulikuwa bure. Elfu tisini na tano zilinunua miaka miwili, si mitatu. Aliyeahidi alikuwa duka lenyewe. Hapakuwa na jina la mtengenezaji wala la kampuni ya bima.

Yaliyofunikwa: "hitilafu za kiufundi zitokanazo na utengenezaji." Yaliyoachwa nje: umeme kuzidi au kupungua, radi, maji, unyevu na kutu, wadudu na wanyama, kioo kupasuka au kupata mstari kwa kugongwa, kuanguka, kufunguliwa na fundi asiyeidhinishwa, rimoti, nyaya na adapta, matumizi ya kibiashara. Usafiri wa kwenda na kurudi Dar ni wa mteja. Na ikiwa haitengenezeki, duka litalipa thamani iliyobaki, ikipunguzwa asilimia 30 ya bei kwa kila mwaka uliotimia.

Sasa isome karatasi hiyo ukiwa umekaa Tanga. Mimi kwa mwaka hufungua televisheni nyingi, na nikizipanga kwa kilichoziua, rundo la kwanza ni umeme na la pili ni vioo vilivyopasuka: mpira wa mtoto, rimoti iliyorushwa, kabati lililotikiswa. Kisha nyumba za karibu na bahari, Raskazone na Sahare, hewa ya chumvi inakula miguu ya vipuri mpaka bodi inaota ukungu wa kijani. Kisha mjusi. Mjusi anapenda joto la pawa saplai, anaingia kwenye matundu ya nyuma, anagusa sehemu mbili kwa wakati mmoja na safari yake inaishia hapo pamoja na ya televisheni. Yote hayo yapo kwenye orodha ya walioachwa nje. Kinachobaki ndani ni kasoro za kiwandani, nazo zina tabia ya kujitokeza mapema, mara nyingi ndani ya ule mwaka wa bure.

Kuna kifungu kingine kilichonichekesha, cha matumizi ya kibiashara. Mpwa alikuwa na ndoto ya kugeuza uani kuwa kibanda umiza, yaani banda la kuonyesha mpira, siku Coastal Union, timu yetu ya Tanga, ikicheza ugenini, kiingilio mia tano. Angefanya hivyo mara moja, karatasi ingekufa.

Uamuzi na sababu zake

Niliwapigia jioni ile. Nikamwamkia Mwalimu shikamoo, maana alinifundisha darasa la tano na mpaka leo huniita mwanangu, kisha nikawapa hesabu moja tu.

Kitu kinachoweza kuharibika mwaka wa pili au wa tatu na kikafunikwa na karatasi ile ni bodi kuu, au taa za nyuma ya kioo. Hapa mtaani taa hubadilishwa kwa elfu sitini hadi tisini, bodi inaweza kufika laki na nusu. Tuchukue hiyo laki na nusu. Kulipa 95,000 leo ili usije ukalipa 150,000 kesho kuna maana tu kama unaamini kuna nafasi zaidi ya sita katika kumi kwamba jambo hilo litatokea ndani ya miaka hiyo miwili. Televisheni yenye sifa hiyo mbona uinunue?

Mtoto wa Dar akauliza swali zuri: je, ikifa kabisa? Nikamsomea kifungu cha thamani iliyobaki. Ikifa mwaka wa pili, 780,000 ukitoa asilimia 30 ni 546,000. Ikifa mwaka wa tatu ni 312,000. Na kabla ya kulipwa ni lazima ikubalike kwamba haikufa kwa umeme. Nani ataamua imekufa kwa nini? Fundi wa duka.

Uamuzi ukawa huu: duka la kwanza, bila karatasi ya nyongeza. Kati ya zile 95,000, elfu 42 zikanunua gadi ya televisheni na elfu 35 zikalipia bano la ukutani na kuifunga juu ya kimo cha mpira wa wajukuu. Zikabaki 18,000, Mwalimu akazirudisha kwenye pochi.

Gadi si kitu cha ajabu. Umeme wetu unatakiwa kuwa volti 230. Gadi inapima, ikiona umepanda mno au umeshuka mno inakata, na umeme ukirudi inasubiri kidogo utulie kabla ya kuruhusu. Haizuii radi inayopita kwenye waya wa antena, na hilo niliwaambia: masika yakiunguruma, chomoa na waya wa dishi.

Siku ya kununua

Dukani waliwasha televisheni, wakaweka picha nyeupe tupu, kisha nyekundu, kisha nyeusi, kutafuta vidoa kwenye kioo. Walijaribu matundu yote ya nyuma kwa flashi. Mpwa alirekodi zoezi zima kwa simu kwa sababu anarekodi kila kitu. Risiti ya EFD ilikuja imeandikwa "TV 1" basi. Nilikuwa nimewaonya, kwa hiyo wakaomba muuzaji aandike kwa mkono kwenye ankara aina kamili na namba ya siriali, na apige mhuri kadi ya waranti. Mwalimu aliitoa kopi risiti siku hiyohiyo. Karatasi ile ya joto hufifia, na kwa joto la Tanga ndani ya droo hufifia upesi. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na Mwalimu ni mtu wa daftari.

Mambo mawili yalipita bila kuonwa.

La kwanza: televisheni waliyopewa ilikuwa ya mwisho, iliyokuwa imetundikwa kwa maonyesho. Boksi lililetwa kutoka stoo. Muuzaji alinakili namba ya siriali kutoka kwenye boksi hadi kwenye kadi na ankara. Hakuna aliyegeuza televisheni kulinganisha na ile iliyobandikwa mgongoni mwake.

La pili ni kosa langu. Televisheni za sasa zikiwashwa mara ya kwanza huuliza: ni kwa matumizi ya nyumbani au ni maonyesho ya dukani? Ukichagua dukani, taa za nyuma zinawaka kwa nguvu zote ili picha ivutie wapita njia. Hii ilikuwa imetundikwa dukani, kwa hiyo bila shaka ilikuwa kwenye hali hiyo, nami ndiye niliyekwenda kuifunga ukutani. Nilikagua skrubu, nikakagua gadi, nikanywa chai. Mipangilio sikuigusa. Mwalimu alisifu rangi zilivyokolea na mimi nikaitikia.

Mwezi wa nne na wa sita

Mwezi wa nne umeme ulirudi kwa nguvu tena. Gadi ikakata, televisheni ikapona. Jirani wa mkono wa kulia alipoteza redio na chaja mbili.

Lakini mwezi wa sita adapta ya king'amuzi iliungua. Gadi ilikuwa na tundu moja, televisheni ikalichukua, na king'amuzi kikachomekwa ukutani moja kwa moja. Adapta mpya elfu 15, na baada ya hapo wakaweka ekstensheni baada ya gadi ili vyote viwili vipite humo. Niligundua pia kwamba siku za mpira mpwa alikuwa akiichomoa televisheni kwenye gadi, kwa sababu ile subira ya umeme ukirudi ilimkosesha dakika mbili za mchezo. Kifaa kinachomkera mtumiaji hurukwa. Hilo halimo kwenye karatasi yoyote ya maelekezo.

Mwezi wa tisa

Asubuhi moja televisheni iliwaka sekunde mbili, ikawa giza, sauti ikiendelea. Mpwa alinipigia. Nikamwambia azime taa za chumba, awashe tochi ya simu na kuielekeza kwenye kioo kwa mshazari. Akaona picha hafifu ikitembea kama kivuli ndani ya maji. Maana yake kioo ni kizima, taa za nyuma ndizo zimekufa. Taa hizo zimepangwa kwa mistari, moja baada ya nyingine, na moja ikikatika mstari wote huzimika na mtambo hujifunga.

Kazi ile ningeifanya mwenyewe kwa nusu siku. Sikuigusa. Kuifungua kungevunja sili na kuua waranti iliyokuwa bado na miezi mitatu. Nawaambia vijana wangu: kuna siku ya fundi kukunja mikono.

Kadi ilitaka iletwe kwenye boksi lake. Boksi lilikuwa limekwenda kuhamisha vyombo vya jirani, na vile vipande vyeupe vya povu gumu wajukuu walivigeuza ngalawa. Seremala alitengeneza kasha la mbao kwa elfu 28.

Dukani, kijana wa kaunta alilinganisha namba na kutingisha kichwa. "Mama, hii siyo tuliyokuuzia."

Mpwa alipandisha sauti, akaitaja Tume ya Ushindani, inayopokea malalamiko ya walaji. Mwalimu alimwambia aketi, naye akaketi, akatoa ankara, kopi ya risiti na kadi, akavipanga mezani. Kisha akasema, kwa sauti ya darasani: "Mwanangu, nimesahihisha madaftari ya watoto mpaka macho yamechoka. Namjua anayenakili bila kuangalia." Akaomba tajiri, mwenye duka, aitwe.

Kilichomaliza ubishi ni video. Katika kujaribu matundu ya nyuma siku ya kununua, simu ilipita kwenye kibandiko cha mgongoni, namba ikasomeka vizuri, na sauti ya muuzaji yuleyule inasikika ikitaja bei. Tajiri aliitazama mara mbili, akacheka, akaandika barua ya kuitambua televisheni.

Iliondoka kwa basi kutoka Kange, 20,000 kwa gharama ya Mwalimu. Waliambiwa wiki mbili, ikawa tano. Ilirudi na taa mpya, na baada ya mazungumzo kidogo duka lililipa nauli ya kurudia. Nilipoifunga tena nilifungua mipangilio kwanza. Ilikuwa kwenye maonyesho ya dukani, kama nilivyohofia. Nikairudisha nyumbani na kushusha mwangaza. Siwezi kuapa kwamba hiyo ndiyo iliyoua taa, maana taa hufa pia kwa ubovu wake zenyewe, lakini kuzichoma kwa nguvu zote miezi tisa hakukuzisaidia.

Mwezi wa ishirini

Waranti ilishakwisha. Televisheni ikakataa kuwaka kabisa. Niliifungua bila hofu ya sili yoyote na kumkuta mjusi amekauka juu ya pawa saplai. Vipuri na kazi, elfu 55. Nikaweka wavu mwembamba kwenye matundu makubwa ya nyuma, ule usiozuia hewa kupita.

Wiki hizo ndipo tulipogundua kwamba lile duka limefunga. Sasa mnauzwa vitenge.

Matokeo kwa shilingi

Baada ya kununua, Mwalimu alitumia 15,000 ya adapta, 28,000 ya kasha, 20,000 ya basi, 12,000 za bajaji kwa safari tatu za dukani, na 55,000 ya mjusi. Jumla 130,000. Angekuwa na karatasi ya nyongeza, kila kimoja kati ya hivyo kingebaki palepale: mwezi wa tisa ulifunikwa na waranti ya bure, adapta na mjusi vimeandikwa nje. Angetumia 225,000.

Uchambuzi

Kishawishi ni kusema: unaona, duka lenyewe limefunga, tulikuwa sahihi. Sipendi hoja hiyo. Hatukujua kwamba litafunga, na uamuzi hupimwa kwa yaliyojulikana siku ile. Tulichojua ni kwamba aliyeahidi ni duka tupu. Mji wetu una msemo, waja leo waondoka leo, ambao wenyeji huusema kwa kujivuna juu ya wageni, lakini unafaa pia kwa milango ya biashara. Ahadi ya miaka mitatu ina uzito wa anayeitoa. Ingekuwa bima ya kampuni iliyosajiliwa chini ya TIRA, mamlaka ya bima, hesabu yangu ya sehemu hii ingebadilika, hata kama ile ya nafasi sita katika kumi ingebaki.

Lililofanya kazi kweli ni kuuliza televisheni ya kwanza ilikufa kwa nini, ingawa tuliuliza kwa kuchelewa. Waranti inakulipa baada ya msiba, na kwa sababu ilizochagua yenyewe. Gadi na bano vilishughulikia vifo viwili vikubwa vya televisheni za hapa, vile ambavyo karatasi ilivikataa waziwazi.

Lililoshindwa ni ukaguzi wa namba. Watu watatu tulijua umuhimu wa namba ya siriali na bado tukalinganisha karatasi na karatasi. Namba inasomwa mgongoni mwa kifaa. Video iliokoa jambo kwa bahati. Mpwa hakuwa akirekodi ushahidi, alikuwa akiwarekodia marafiki zake.

Na sheria? Bila kadi wasingekuwa mikono mitupu kabisa. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, inaweka sharti la ubora kwa kitu kilichonunuliwa kwa mfanyabiashara wa bidhaa za aina hiyo, hata lisipoandikwa. Ila kasoro ambayo ukaguzi wako ulipaswa kuiona hiyo ni yako, ndiyo maana ya kuwasha picha nyeupe na nyeusi kabla ya kulipa. Tume ya Ushindani, iliyotokana na sheria ya 2003, nayo ipo kwa malalamiko ya walaji. Mpwa aliitaja mapema mno. Ukianza na tishio, tajiri haitwi.

Mwezi wa tisa una somo ambalo wateja wangu hawalipendi. Waranti ya bure iligharimu 60,000 na wiki tano bila televisheni, kwa kazi ambayo fundi wa mtaani angetoza elfu sitini hadi tisini na kuirudisha kesho yake. Tulifanya vyema kuitumia? Kwa shilingi, faida ilikuwa ndogo mno. Kwangu sababu ilikuwa nyingine: miezi mitatu iliyobaki, na bodi kuu ambayo bado ingeweza kufa ndani yake. Mwenzangu mmoja wa barabara za juu anasema ningeifungua tu. Hatujakubaliana.

Mtoto wa Dar naye hajakubali, na hoja yake siwezi kuitupa. Anasema hakutaka kununua ukarabati. Alitaka kununua kutopigiwa simu. Mama akipiga kusema televisheni imezima, yeye yuko kazini, hana fundi anayemwamini, anaishia kutuma pesa kwa kubahatisha. Kwa mtu aliye mbali na asiye na fundi, 95,000 za utulivu huenda si nyingi. Nilimjibu kwamba ile karatasi isingemzuia mama yake kupiga simu, ingemwongezea tu mtu wa pili wa kumpigia. Alicheka, lakini mwaka huu alipomnunulia friji alichukua waranti ya nyongeza. Safari hii alinitumia kwanza picha ya upande wa nyuma.